Mhariri, njia za miguu za Lushoto ziwekewe vibao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo linanikaa rohoni tangu likizo ya Desemba. Mimi naishi Tanga mjini, mke wangu ni Msambaa wa upande wa Lukozi, huko juu kwenye milima ya Usambara, na kila tukienda kwao ni basi mpaka Mombo, tunapanda zile kilometa 30 na ushee za kona za Soni hadi Lushoto, halafu tunabanana kwenye gari lingine mpaka nyumbani. Safari hii nikasema hapana, kutoka Lushoto tunatembea, watoto waione milima ya bibi yao kwa miguu yao. Mama mkwe alikuwa ameshuka mjini kwa shughuli zake, mama wa miaka 60 na kitu, nikadhani atagoma, kumbe ndo alifurahi kuliko wote, akasema enzi za usichana wake alikuwa anakuja Lushoto na tenga la mapeasi kichwani, analala, kesho yake anarudi na chumvi na mafuta ya taa.

Tukatoka saa 12 na nusu asubuhi watu sita, mimi, mama watoto, mama mkwe na watoto watatu, mkubwa ana miaka 14 na kitindamimba 7. Ukungu umefunga, chapati na mayai ya kuchemsha kwenye mkoba, chupa ya chai nimeibeba mimi. Kabla hatujafika Magamba watu kama watano wameshatuuliza msiba uko wapi. Kijana wa bodaboda akasimama kabisa akazima pikipiki akauliza kwa huruma gari letu limeharibikia wapi. Mwingine akaniuliza wageni wako wapi, alijua mimi ni mtembeza watalii. Hawakuwa na ubaya wowote jamani, ila iliniuma, kwasababu mzungu akipita pale na begi mgongoni hakuna anayeshangaa, sisi wenye nchi tukitembea na watoto wetu basi lazima kuna tatizo.

Pale Magamba kwenye ofisi ya hifadhi ya msitu tulilipa, mwananchi halipi pesa nyingi kama mgeni na hilo nashukuru, risiti tukapewa. Nikaomba ramani, hakuna. Nikauliza njiani kuna vibao, nikajibiwa nyie wenyeji mtauliza watu. Haya.

Msituni baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Tulikuta mti mmoja mkubwa wa mkulo, watoto wote watatu na mama yao wakaunganisha mikono kuuzunguka na mikono haikukutana. Mbega walikuwa juu wanaruka, ile mikia myeupe inapeperuka kama mtu anaanika vitambaa. Halafu kitindamimba akapiga kelele, kwenye kijiti usawa wa macho yake kuna kinyonga wa kijani ana pembe mbili puani, jicho moja linamwangalia mtoto lingine linaangalia nyuma, na vidole vyake vimekikamata kile kijiti kama koleo. Mama watoto alirudi hatua kumi maana kwetu kinyonga anaogopwa hata kuguswa, lakini mama mkwe akasogea akasema mwacheni yupo kwake. Tulikaa pale robo saa nzima. Nikawaeleza ninachokijua, kwamba milima hii ni ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita kule Kenya unashuka mpaka Udzungwa, na humu kuna viumbe ambao duniani kote hawapo mahali pengine, na kwamba lile ua dogo la zambarau ambalo watu Ulaya wanaliweka madirishani lilitoka huku Usambara, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye alilipeleka kwao na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Binti yangu wa kati akauliza, baba mbona hapa hapajaandikwa popote? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Tatizo lenyewe likaja mchana. Njia inagawanyika mara tatu chini ya mikaratusi, mimi na wale wakubwa tulikuwa mbele tukachukua ile pana kwasababu ina alama za matairi ya pikipiki, mama mkwe yuko nyuma na mdogo anayechechemea maana raba yake imeshaachia soli. Simu inaonyesha kijani tupu na kidoti changu katikati. Tukashuka wee, mvua nyepesi ikaanza, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, tukatokea kwenye shamba la kabichi limesimama kama ukuta na chini yake hamna njia tena. Mkubwa wangu aliteleza mita kadhaa akashika mgomba. Pale niliogopa kweli. Tukasikia sauti ya mama mkwe juu kabisa, huko siko, rudini, kijito kisikike mkono wa kushoto! Saa nzima na nusu imeenda. Yeye alijua kwasababu amepita pale utoto wake wote, sasa asiyekuwa na bibi wa Lukozi afanyeje?

Ninachoomba sio barabara wala hoteli. Naomba vibao vya mbao kwenye kila njia panda kuanzia Lushoto mpaka Lukozi, na vikiendelea Rangwi hadi Mtae ndo vizuri zaidi, viandikwe kwa Kiswahili, huku ni wapi na ni mwendo wa masaa mangapi. Kilimanjaro vipo, unajua uko mita ngapi na kambi inayofuata iko mbali kiasi gani. Na pale kwenye ule mkulo paandikwe jina lake jamani, mtoto asome.

Tulifika Lukozi saa 11 jioni, simu ya kijana inasema hatua 31,000 na zaidi, miguu kwenye beseni la maji ya moto, na yule mdogo mwenye raba iliyopasuka ndo wa kwanza kuuliza tunarudi lini. Jumatatu nilipita pale ofisini nikaeleza, nikaambiwa wataangalia. Shemeji yangu ni fundi seremala hukohuko Lukozi, amesema mbao na kazi ya vibao vitatu vya kwanza anatoa bure, na kile cha chini ya mikaratusi tayari ameshakiranda kipo uani kwake. Tunasubiri ruhusa tu.

Msomaji wako,
Tanga