Mchoro wa chaja ulihitaji datashiti pembeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie mchoro wa chaja ya simu inayotumia betri ya sola, uliochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa sayansi. Mjukuu wangu aliukata kwa mkasi akauleta mezani kwangu pamoja na chipu ya L7805, ambayo hushusha volti za betri hadi 5, kapasita mbili na nyaya. Tuliulehemu jioni ile ile. Simu ilianza kuchaji, ikaacha baada ya dakika chache, ikaanza tena, ikaacha tena. Kijana aligusa chipu, akaondoa kidole upesi, kisha akaniambia, “Babu, nimeuziwa feki.”

Chipu haikuwa feki, na mchoro wenu haukuwa na waya uliokosewa. Makala ilisema chipu hiyo hutoa hadi ampea 1.5, na ni kweli, kwa kuwa ndivyo kilivyoandika kiwanda cha STMicroelectronics katika ukurasa wa kwanza wa datashiti yake, yaani waraka wa kiwanda unaoeleza sifa na mipaka ya chipu. Lakini ukurasa wa kwanza wa datashiti ni kama kibao cha dukani: humvuta mteja, na masharti hukaa ndani. Ukifunua kurasa chache utakuta jedwali la joto linaloeleza kwamba chipu hiyo, ikisimama peke yake bila bati la kupozea, hupanda nyuzi 50 juu ya joto la hewa kwa kila wati inayopotea ndani yake. Betri yetu ilikuwa na volti 13, simu inataka volti 5, na zile volti 8 za katikati, simu inapovuta ampea 1, ni wati 8 za joto tupu. Wati 8 mara 50 ni nyuzi 400. Chipu haifiki huko kwa sababu imewekewa kinga ya kujizima ikizidiwa na joto, na kule kuwaka na kuzima tulikokuona ndiyo kinga yenyewe ikifanya kazi.

Hesabu hiyo inahitaji kuzidisha tu, na mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kinachomkwamisha ni kwamba hakuna aliyemwambia jedwali hilo lipo, wala kwamba jedwali la viwango vya juu kabisa, linaloruhusu volti 35 kuingia, linataja mpaka ambao ukivukwa chipu inaweza kuharibika, si hali ya kuifanyia kazi kila siku.

Kuipata datashiti kwahitaji uangalifu kidogo. Isomwe namba yote iliyochapwa mgongoni mwa chipu, pamoja na herufi zake, kisha waraka utafutwe kwa kiwanda chenyewe. Viwanda navyo huuzwa: National Semiconductor ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, kwa hiyo datashiti za chipu zake nyingi zenye namba zinazoanza na LM sasa ziko huko. Herufi moja si jambo dogo. Transista ya PN2222A na ile ya P2N2222A zinafanana kama pacha, lakini ukizigeuza ubapa ukutazame, mguu wa kushoto wa ya kwanza ni emita na wa ya pili ni kolekta, miguu miwili yenye kazi tofauti. Nimewahi kupoteza siku mbili nikimlaumu muuza duka kwa jambo hili, na muuza duka hakuwa na kosa.

Baada ya datashiti kuna nyaraka za matumizi, ambamo wahandisi wa kiwanda hueleza namna ya kuijenga saketi nzima, na datashiti nyingine huzibeba ndani yake. Ile ya LM2596, chipu nyingine ya kushusha volti, ni mfano mzuri: inamwongoza msomaji hatua kwa hatua kuchagua koili, dayodi na kapasita, na inaonyesha kwamba kutoka volti 12 kwenda volti 5 ufanisi wake ni kama asilimia 80. Kwa simu yetu inayovuta wati 5 (volti 5 mara ampea 1), maana yake ni kupoteza wati moja na robo hivi badala ya nane. Ndiyo tuliyoiweka hatimaye, na sasa kijana anachaji bila kuunguza kidole.

Ombi langu kwa wahariri wa ukurasa huo ni kwamba kila mchoro uchapishwe na namba kamili ya chipu, jina la kiwanda, na sentensi mbili za kueleza ni jedwali lipi la datashiti lisomwe kabla ya kulehemu. Nyaraka hizi ni za Kiingereza kigumu, hivyo maneno machache yakifasiriwa pembeni yatasaidia. Mmeahidi kuleta mchoro wa amplifaya (kikuza sauti cha spika) ya chipu ya TDA2030. Tafadhali anzeni na huo, kwani nao hupata moto sana, na mjukuu wangu ameshanunua spika.

Fundi redio mstaafu,
Tanga