Mgonjwa asiye na mtu nyumbani

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana jirani yangu, mama muuza maandazi tuliyepanga naye nyumba moja Mbagala, aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa na saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Alipewa chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe kila baada ya saa nne, na akaambiwa msaidizi wake amwangalie. Msaidizi hakuwa naye. Mume alishafariki, ndugu wako mkoani. Alifunga mlango, nasi tukadhani amepumzika.

Kumbe usiku hakuweza kuinuka kupima dawa, akawa anaumia mpaka kunakucha. Tumbo nalo lilikuwa limefunga siku nyingi, kwani mofini hufunga choo na hakupewa dawa ya kulainisha. Tulipojua, wapangaji tukashika zamu: huyu uji, yule shuka, mimi dawa za usiku. Baadhi yetu tuliiogopa ile chupa, tukidhani ndiyo itakayommaliza. Muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili ndiye aliyetutoa hofu. Mama yule alifariki alfajiri, kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho akiwa amemshika mkono.

Tiba shufaa ya nyumbani, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye maradhi mazito, imejengwa juu ya ndugu. Lakini mji huu umejaa watu waliokuja kutafuta riziki, kila mmoja na chumba chake. Nao wanaugua.

Wenzetu Uganda tangu 2004 wanawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, kwa hiyo anayemfikia mgonjwa kitandani anaweza kumrekebishia dozi palepale. Kerala, India, majirani wa kujitolea hufundishwa kuhudumia wagonjwa, wakishirikiana na wauguzi wanaopita majumbani. Sisi mitaani tuna wajumbe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ila hakuna aliyewaambia kwamba chumba kile kina mgonjwa.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba kabla ya kumruhusu mgonjwa wa namna hii, aulizwe anaishi na nani. Akiwa peke yake, na akiridhia, zahanati ya karibu ipewe taarifa siku hiyohiyo, jirani amchaguaye mwenyewe afundishwe dawa, na waachiwe namba ya simu inayopokelewa hata saa nane usiku. Sisi hatukuwa na wa kumpigia.

Mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam