Salamu za Shukrani Kufuatia Msiba wa Mama Yetu, Erie, Pennsylvania

Familia ya marehemu mama yetu mpendwa, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo, aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na kutulea katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hadi tulipoletwa Marekani, inamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetushika katika msiba huu, pamoja na wote waliokuwa nasi hadi tulipompumzisha katika mji huu wa kando ya Ziwa Erie.

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu mno. Theluji ilikuwa imefika madirishani, fedha za jeneza na kaburi hazijatimia, nasi tulikaa sebuleni tukiimba tenzi kwa sauti ya chini, tukichelea kuwaudhi majirani. Alfajiri ya siku ya nne tukasikia mashine ikinguruma nje. Alikuwa mzee wa nyumba ya pili, aliyefanya kazi katika kiwanda cha karatasi hadi kilipofungwa mwaka 2002, akiondoa theluji mtaa mzima ili waombolezaji wapate pa kuegesha magari. Jioni alirudi na bahasha: wazee wenzake wa kiwandani, ambao wenyewe pensheni haiwatoshi, walikuwa wamechangishana, na noti nyingi zilikuwa za dola moja moja. Mzee wetu, Mungu akuzidishie.

Kwa namna ya pekee tunamshukuru mama mjane tuliyezoea kumwona kila Alhamisi kwenye foleni ya chakula cha msaada, ambako nasi hupanga mstari. Alikuja na sufuria ya makaroni, akavua viatu mlangoni kama alivyoona kwa wengine, akakesha mkekani na kina mama, huku neno pekee la Kiswahili alilolijua likiwa "pole", alilofundishwa na mjukuu wetu usiku uleule.

Tunawashukuru pia wachungaji, kwaya, kanisa la mtaani lililotupa ukumbi bila malipo, wauguzi, madereva, wapishi, majirani Wanepali na Wasyria, ndugu wa Burundi, na waliotuma rambirambi kutoka Kigoma na Uvira. Daftari la michango lililowa theluji na majina mengi hayasomeki. Tunawaomba radhi sana wote ambao hatukuwataja, na Bwana aliyewaona awalipe.

Masufuria mawili na beleshi la theluji vimebaki kibarazani kwetu. Tafadhali wenyewe waje wavichukue.