Risala ya Wapakiaji na Wachambuzi wa Tumbaku kwa Mgeni Rasmi, Sherehe za Mei Mosi, Tabora

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wafanyakazi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Unyanyembe. Hapa watu wamebeba mizigo tangu enzi za wapagazi. Hapa pia alisoma Rashidi Kawawa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lililoundwa mwaka 1955, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Tunalitaja jina lake kwa fahari.

Ndugu Mgeni Rasmi, kilio chetu ni mkataba wa maandishi. Wengi wetu huu ni msimu wa nne au wa tano ghalani, tunachambua majani na kupandisha marobota kwenye malori, na hatuna hata kipande cha karatasi. Ajira yetu imo kwenye daftari la msimamizi. Akilifunga, hatuna kazi. Msimu uliopita mwenzetu aliangukiwa na robota akavunjika mguu. Tulipofuatilia fidia tukaulizwa: huyu ni mfanyakazi wa nani? Akaugulia nyumbani, mkewe akiuza mihogo apate hela ya dawa. Swali lile linatuuma mpaka leo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atupe masharti ya kazi kwa maandishi. Ubishi ukizuka naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Haya wengi huyajua wamechelewa: aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufikisha shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo zinaishia kwenye "njoo kesho, njoo Jumatatu" ya msimamizi.

Tunaomba Ofisi ya Kazi ikague maghala msimu ukiwa umepamba moto, hata usiku, maana usiku ndipo tunapopakia, na msimamizi asipigiwe simu kwanza. Nanyi viongozi wa vyama, tufuateni huko huko ghalani. Kibarua naye ana haki ya kujiunga, ila hajawahi kuiona fomu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaisoma risala hii pia kwa niaba ya wenzetu ambao saa hii, Mei Mosi, wako ghalani wanapakia.

Tunaomba kuwasilisha.