Mkwaruzo mmoja, bei ya mtutu mzima: kwa nini?

Juma lililopita mteja mmoja wa Mbezi Beach alitoka dukani kwetu bila kuaga. Alikuwa amebadilisha vishikio vya darubini ya bunduki yake ya kuwindia mwenyewe, nyumbani, na bisibisi ikamponyoka. Ukabaki mkwaruzo wa kama sentimita nne juu ya mtutu. Tulipomtajia bei alisema tunamwibia. "Mkwaruzo wa kidole, mnanitoza kama mnatengeneza mtutu wote?"

Ndiyo, kaka, tunatengeneza mtutu wote. Neno hili tunaambiwa kila mwezi, na mara nyingi mteja yuko kaunta ana haraka, hatupati nafasi ya kumweleza vizuri. Naandika hapa ili asome akiwa ametulia.

Ule weusi wenye ubluu kwenye mtutu haukupakwa. Ni uso wa chuma chenyewe uliogeuzwa. Tunausugua mtutu kwa msasa, namba baada ya namba, mpaka chuma kiwe cheupe. Tunatoa mafuta yote, hata alama za vidole, kwa sababu palipoguswa patabaki na doa. Kisha unachovywa kwenye mchanganyiko wa kostiki soda na naitreti unaochemka kwa joto la karibu nyuzi 140. Hapo chuma kinaota utando mweusi mwembamba sana kuliko unywele. Ung'avu wake unafuata jinsi ulivyosugua, kwa hiyo ukisugua kipande kimoja tu na kukitia weusi, kitang'aa kivyake na jicho la kila mtu litakwenda papo hapo. Ndiyo maana hatuweki kiraka, na ndiyo maana bei ni ya mtutu. Kuchovya kwenyewe ni kama nusu saa. Siku nzima inakwenda kwenye kusugua, na hiyo ndiyo unayoilipia.

Sasa, mkwaruzo mwembamba kama wa sindano ni jambo lingine. Huo tunaupaka dawa ya chupa inayotia weusi bila kuchemshwa, kazi ya dakika chache na bei ndogo, na mteja tunamwambia wazi kwamba haidumu kama weusi wa kuchovya. Mkwaruzo wa yule bwana haukuwa wa aina hiyo. Ukipitisha ukucha, ulikuwa unanasa.

Kinachotuumiza ni wanaotaka kukwepa gharama. Wengi hukimbilia kopo la rangi nyeusi ya kupuliza. Bunduki ni kitu cha mafuta, na rangi haishiki kwenye chuma chenye mafuta. Kwa wiki mbili inapendeza, kisha mafuta ya kusafishia yanaanza kuilainisha, inainuka pembeni, na unyevu unaingia chini yake. Huu ni mji wa pwani, jamani, upepo wetu una chumvi. Tuliwahi kuletewa bunduki kutoka Kigamboni iliyokaa na rangi ya namna hiyo misimu miwili ya masika. Tulipoitoa rangi, chini yake kutu ilikuwa imechimba vishimo. Mkwaruzo unasuguliwa ukaisha, lakini kishimo hakiishi mpaka uondoe chuma chote kilichokizunguka, na mtutu hauna chuma cha kuchezea. Mwenyewe alilipa mara tatu ya bei aliyoikataa mwanzoni, na vishimo viwili tuliviacha kwa sababu kuviondoa kungepunguza unene wa mtutu. Tulimwonyesha kabla ya kuanza, akakubali.

Msasa nao. Tafadhali sana, usisugue karibu na namba ya silaha. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni yako. Ikififia hapo si suala la urembo tena, na sisi kazi ya namna hiyo hatuipokei, tutakuelekeza polisi ukajieleze kwanza.

Na kuna mtu alisikia habari za kostiki soda akanunua ile ya kutengenezea sabuni, akachemsha jikoni. Bunduki yake ilikuwa ya kisasa, sehemu ya kati ni ya aluminiamu. Kostiki soda inakula aluminiamu. Sufuria ikaanza kutoa povu, na alipoitoa ile sehemu ilikuwa imechakaa kama jiwe la pwani. Alibahatika kuwa na macho yake yote mawili. Hatukuwa na la kumfanyia ila kumwagizia mpya.

Kama lazima ufungue mwenyewe, basi ujue kosa linaanzia wapi. Bisibisi ya kawaida ya nyumbani imechongwa kama kabari. Ukikaza, inapanda yenyewe kutoka kwenye mfereji wa skrubu. Zetu tumezinoa ubavu ukawa wima, kila moja kwa upana wa skrubu yake. Pini usiitoe kwa msumari. Jiliwa lisibane chuma kwa chuma, weka ngozi au kipande cha mti laini. Na funika kwa utepe wa karatasi wenye gundi pale unapofanyia kazi, hiyo ya maduka ya vifaa inatosha.

Kitako cha mti wala kisikuogopeshe. Kama ni bonde tu na nyuzi za mti hazijakatika, kitambaa chenye maji na pasi ya moto vinaliinua, kisha mafuta ya kitani. Hiyo tunafanya ukisubiri. Usipake vanishi ya milango.

Bei inayobishaniwa kuliko zote ni ya bunduki ya mitutu miwili. Mitutu hiyo imeunganishwa kwa madini ya risasi, yale ya kulehemu, na ile sufuria ya kostiki inaitafuna, mitutu inaachana. Kwa hiyo tunarudi kwenye njia ya wazee: tunapaka dawa, tunaiacha ishike kutu jekundu, tunaichemsha kwenye maji mpaka kutu ligeuke jeusi, tunasugua kwa stilwaya, tunaanza upya. Mara sita, wakati mwingine nane. Maji ya kisima ya hapa Dar yana chumvi, yanaacha madoa, hivyo tunakinga ya mvua. Kitu kimoja mji huu unatusaidia: wakati wa masika kutu linaota kwa saa chache bila kasha la mvuke.

Ukija, njoo na leseni, silaha ikiwa tupu, risasi ziache zimefungiwa nyumbani. Tutaitazama mbele yako na kukutajia bei kabla hatujagusa skrubu.

Hivi sasa kuna ya mzee mmoja wa Rufiji, anayolindia shamba lake dhidi ya nguruwe pori. Ilikwaruzwa na mjukuu aliyekuwa akibadilisha mpira wa kitako. Iko kwenye mzunguko wa tano wa kutu na kuchemsha, na mkwaruzo hauonekani tena hata juani. Jumamosi tunampigia simu aje.