Kasimu ana pumzi

Kibirizi, Kigoma

Ndugu yangu Haruna,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima wa afya, na shemeji na watoto hawajambo. Huku sisi wazima. Mama yako nilimkuta juzi sokoni Mwanga anachagua migebuka kwa ukali wake uleule, akimgeuza samaki mmoja mara tatu na muuzaji ametulia kama mwanafunzi. Amesema nikwambie zile kandambili ulizomtumia zinambana. Mzee Bilali bado anakohoa. Shabani kaoa tena, na safari hii harusi ilikuwa na tarumbeta. Mengine ukija, maana nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na sina mwingine wa kumwandikia isipokuwa wewe.

Ni habari ya Kasimu. Mtoto wa Mama Neema, yule mrefu, mifupa mitupu, uliyemwona mwaka jana akitoka kwenye mitumbwi hadi lile jiwe na kurudi, ukaniuliza huyu anakula nini. Wamemwacha kwenye mchujo wa kuogelea. Mita 400 mtindo huru: alitangulia mpaka mita 200, mpaka 250 hivi alikuwa bado mbele, halafu akaanza kushuka, akashuka, akamaliza wa tano. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa bwawa naona kila kitu. Jioni wale waliokuwa wanachagua wakanipa karatasi, na mbele ya jina lake pameandikwa maneno mawili: hana pumzi.

Haruna, mtoto ana pumzi. Nimekaa naye majini miaka mitatu. Nyavu zikinasa kwenye mawe huitwa yeye, anazama, anafungua, anarudi juu akicheka. Ukimsikiliza anavyopumua baada ya kukimbia kile kilima cha kwetu, hatofautiani na wenzake, tena anatulia mapema kuwashinda. Kinachomwangusha ni kile anachokitumia kwa kila mita moja ya maji. Ana mfuko mzito lakini ananunua kila kitu kwa bei ya juu. Nilisema hivyo pale pale, wakanijibu nilete ushahidi. Basi ndiyo nautafuta.

Nikueleze nilichoona. Kasimu akienda polepole, mwili wake umelala vizuri juu ya maji. Akiongeza kasi na kuanza kuchoka, miguu inashuka. Nimezama nikamtazama kwa chini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa limelala na maji ni meupe unaona mpaka kivuli chake kwenye mchanga. Kichwa kiko juu, kiuno kimeshuka, na vidole vya miguu viko chini ya uso wa maji kiasi cha mkono mzima, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole. Yaani anasukuma maji kwa mapaja yake mwenyewe, kama mtu anayeburuta ndoo. Na maji si hewa, wewe unajua: ni mazito zaidi ya hewa karibu mara 800. Ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inayotumika kila sekunde kupambana na ule ukinzani inapanda kwa karibu theluthi. Kwa hiyo mwili ukikaa vibaya hata kidogo, hasara inaongezeka kila anapokazana. Ndiyo maana anaonekana kama pumzi imekata ghafla.

Nikaamua kujaribu kwa vitu nilivyo navyo. Nimeweka maboya mawili ya madumu, mita 25 kamili. Nilipima kwa futi ya fundi, kamba ya nailoni ikilowa inavutika na inakudanganya. Nikampa mwendo kwa filimbi: kila sekunde 25 awe amefika boya la pili, kwenda na kurudi mpaka mita 200. Anapomaliza, vidole viwili shingoni, nahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde kumi. Siku ya kwanza, mapigo 29. Kesho yake nikamfungia chupa tupu ya maji katikati ya mapaja kwa mpira wa baiskeli, miguu ikaelea. Mwendo uleule, filimbi ileile: mapigo 25. Nimerudia asubuhi nne, na hakuna hata siku moja tofauti ilipopungua chini ya mapigo matatu.

Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba chupa imefanya mambo mawili kwa pamoja: imeinua miguu na imeizuia isipige. Miguu inakula sana, huenda moyo umetulia kwa sababu ile misuli mikubwa imepumzishwa tu. Nililifikiria hilo usiku. Nikamfunga miguu bila chupa, asiweze kupiga lakini isielee pia. Alizama kiunoni, hakufikisha mita 50. Kwa hiyo naamini ni mkao. Lakini mapigo ya moyo ni kama kusikiliza redio ya jirani ukutani. Unapata wimbo, maneno huyapati. Hofu inayapandisha, joto linayapandisha. Wale hawatayakubali, na mimi nisingewalaumu.

Ndiyo nakuja kwako. Ule mfuko wa Douglas, wa kukusanyia pumzi anayotoa mtu, ulionionyesha siku ile kwenye stoo ya maabara yenu, wa kijani, ukasema hautumiki tena kwa vile mmepata mashine: bado upo? Na ile valvu ya njia mbili, hewa inaingilia huku na kutokea kule? Nakumbuka ulivyonifafanulia, kwamba kifaa ni cha tangu 1911 na hakuna cha ajabu ndani yake. Mtu anavuta hewa ya kawaida yenye oksijeni karibu asilimia 21, anatolea mfukoni, unapima kilichobaki, ambacho huwa asilimia 16 au 17. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa lita alizotoa kwa dakika, umepata oksijeni iliyoliwa na mwili, pamoja na yale marekebisho madogo ya hewa ukaa. Na kila lita ya oksijeni ni kama kilokalori 5. Nimelishika hilo mpaka naliota.

Nilianza na wazo la mtumbwi: Shabani apige kasia pembeni, mfuko uwe juu, bomba literemke mpaka mdomoni mwa Kasimu. Waswidi Liljestrand na Stenström waliwapima waogeleaji tangu 1919 kwa mifuko kama hiyo, nami nikasema basi na sisi tunaweza. Lakini nimeliacha. Bomba linamvuta kichwa, mtumbwi unamtengenezea mawimbi, na anapumua kwa utaratibu wa bomba, si wa mkono wake. Mwogeleaji hapumui anapotaka, anapumua mkono unapomruhusu. Ukimvisha kitu usoni umempima mtu mwingine. Hata wale wa Stockholm waliotengeneza lile birika la maji yanayokimbia, ambamo mtu anaogelea palepale alipo mbele ya vipimo, walifaulu kwa sababu mwogeleaji hasogei. Sisi hatuna birika. Tuna Tanganyika.

Njia iliyobaki ni ile ya Montpetit na wenzake ya 1981, na naipenda kwa sababu haimgusi mtoto akiwa majini. Anaogelea huru, hana kitu usoni. Anapogusa ukingo anabana ile pumzi ya mwisho, tunambandika barakoa, anatolea mfukoni. Sekunde 20 mfuko wa kwanza, 20 wa pili, wa tatu, wa nne. Oksijeni inashuka kila mfuko, unachora mstari, unaurudisha nyuma mpaka ile sekunde aliyogusa ukingo, na hapo ndipo alipokuwa akiogelea. Kazi ipo kwenye ile pumzi ya kwanza. Ikipotea, mstari wote umepinda. Nimeshawafundisha vijana wawili kubandika barakoa kwa kutumia kikombe cha plastiki na mpira, na sasa wanafanya kwa chini ya sekunde mbili.

Nitampima kwa mwendo wa katikati, si kwa mbio za kufa na kupona. Akikazana mpaka mwisho, sehemu ya nguvu inatoka kwenye misuli bila oksijeni, na mfuko hauwezi kuihesabu. Hapo tungehitaji kumtoboa kidole tupime lakteti, ile inayojaa kwenye damu misuli ikifanya kazi hivyo, na Mama Neema hatakubali damu. Lakini kwa mita 60 kwa dakika, akishatulia dakika tatu nne, mfuko unasema kweli. Tuchukulie anatumia lita 2.4 kwa dakika: kila mita imemgharimu mililita 40. Kama mwogeleaji mwingine, tuseme Omari, kwa mwendo uleule analipa 30, basi Omari atamshinda Kasimu hata kama kifua cha Kasimu ni kikubwa kuliko cha Omari. Hiyo namba ya kila mita ndiyo ninayoitaka. Nikiipata ya sasa, nimrekebishe kichwa na kiuno miezi mitatu, nipime tena, ishuke, niwapelekee karatasi yangu juu ya karatasi yao.

Jambo moja tusilikosee. Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko kwenu Dar. Lita ya Kigoma si lita ya Dar. Lazima tuzirudishe zote kwenye kipimo cha kawaida, hewa kavu, nyuzi sifuri. Nitaomba kipimo cha mgandamizo kwa watu wa hali ya hewa uwanja wa ndege, na nitasisitiza wanipe kile cha palepale, si kile kilichokwisha kurekebishwa kuwa cha usawa wa bahari. Nakuandikia ili unikumbushe nikisahau.

Sasa shida. Kasimu haji tena mazoezini. Anatoka na wavuvi wa dagaa usiku, anarudi alfajiri macho mekundu, analala. Nilimfuata nyumbani Ijumaa. Alikuwa anaanua dagaa kwenye mchanga, hakuinua uso. Nikamwambia njoo kesho. Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, wameshasema sina pumzi." Nikakaa pale nikimsaidia kuanua, mpaka jua likatuchoma wote wawili.

Na hili sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Lile neno halikutoka kwao. Kabla ya mchujo kulikuwa na fomu ya kujazwa na mwalimu: uwezo wa mchezaji, udhaifu wa mchezaji. Kwenye udhaifu wa Kasimu niliandika, kwa mwandiko wangu huu huu, "pumzi". Niliona anashuka mwishoni, nikaandika neno lililonijia kwanza, nikaendelea na jina linalofuata. Wao walinakili tu. Nimekasirika wiki tatu na watu walioninukuu. Kwa hiyo ukiniona nimeng'ang'ania mifuko na valvu kama mwendawazimu, ujue ni deni langu kwa mtoto wa mtu.

Amekubali jambo moja. Mbalamwezi ikikaa vizuri wavuvi hawatoki, taa hazina kazi, na siku hizo atakuwa amelala usiku na ana nguvu asubuhi. Ameniahidi siku nne za mbalamwezi, hakuahidi zaidi. Kwa hiyo likizo yako ndiyo inayoamua kila kitu.

Je, likizo yako bado ni mwezi ujao, au wameisogeza? Unaweza kupanda treni ili ufike siku mbili kabla ya mwezi kuwa mpevu? Mfuko mmoja haunitoshi, njia hii inataka minne. Kuna mingine, au tutumie huo mmoja na kukusanya dakika nzima? Umeshauangalia kama hauvuji? Kile kipima gesi kidogo cha betri mnaruhusiwa kukitoa nje ya maabara, au mkuu wako lazima asaini? Gesi ikikaa mfukoni muda gani inaanza kubadilika, maana hatuwezi kuisafirisha mpaka Dar? Barakoa ya mtu mzima itamkaa uso wake mwembamba, au uje na ndogo? Na wewe mwenyewe, bado unaweza kushika boya mita 25 bila kuzama, au Dar imekulegeza?

Mama yako anasema usije na kandambili nyingine, uje na kitambaa. Namba ya miguu ya Kasimu ni 43 ikiwa utaona viatu vya bei nafuu Kariakoo. Vyake vimetoboka na hajaniomba. Nitalipa ukifika.

Jibu hata kwa mistari miwili, nijue kama niendelee kuwafundisha vijana ile barakoa ya kikombe.

Ndugu yako,
Zuberi