Faili la mtoto si taarifa ya robo mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo nimetembea nalo tangu nistaafu kazi ya ustawi wa jamii. Halmashauri zetu zinaacha majalada ya karatasi na kuhamia kwenye mifumo ya kompyuta, na kazi ya kuwalinda watoto imo katika msafara huo. Sipingi safari yenyewe. Ninachohoji ni nani aliyekusudiwa kuyasoma yale ambayo afisa anayajaza, kwa maana fomu nyingi nilizopata kuzijaza zilitungwa kwa ajili ya mtu wa makao makuu anayejumlisha idadi, wala hazikumfikiria afisa atakayepokea shauri kutoka kwa mwenzake, sembuse mtoto mwenyewe.

Nisidhaniwe kwamba ninaililia karatasi. Mwanzoni mwa utumishi wangu nilipokea mtoto wa kike wa miaka kama sita, aliyehamishiwa kwa shangazi yake katika wilaya niliyokuwa nikifanyia kazi. Jalada lake lilibaki katika masijala ya alikotoka, karani alikuwa likizo, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Ikabidi nianze upya. Mtoto yule alikwisha kumsimulia yaliyompata mtendaji wa kijiji, kisha askari, kisha mwenzangu wa wilaya ya kwanza. Nilipomuuliza mimi, mtu wa nne, hakutamka neno, akawa anavuta kifungo cha sweta yake mpaka kikakatika. Jalada lilinifikia baada ya wiki tano ndani ya bahasha ya kaki, na kila nilichotaka kumuuliza kilikuwa kimeandikwa humo kwa mwandiko mzuri. Mfumo wa kompyuta ungemwepusha na mateso hayo kwa dakika moja, na kwa sababu hiyo peke yake ningeuunga mkono.

Hata hivyo, wapo waliotutangulia katika njia hii, na yaliyowakuta yanafaa kusomwa. Nchini Uingereza, mwezi Februari mwaka 2000, alifariki mtoto wa miaka 8 aitwaye Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, baada ya kuteswa na ndugu wa ukoo wake aliyekuwa akimlea pamoja na mwanamume aliyeishi naye. Idara za ustawi za halmashauri nne za London zilikuwa zimewahi kumshughulikia, pamoja na hospitali mbili na timu mbili za polisi wa ulinzi wa watoto. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao taarifa yake ilitoka mwaka 2003, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo mtoto yule angeweza kuokolewa, na ulionyesha kwamba kumbukumbu mbovu na kutopashana habari vilikuwa sehemu ya maafa hayo. Serikali ikaitikia, pamoja na mengine, kwa kompyuta. Ukaja mfumo wa kuratibu mashauri ambao halmashauri zote za England zilitakiwa kuutumia, na kando yake ikajengwa kanzidata ya watoto wote wa England, wapatao milioni 11, ambayo haikudumu kwani serikali mpya iliizima mwezi Agosti 2010.

Ule mfumo wa mashauri ndio wenye somo kwetu. Uliigawa habari ya mtoto katika fomu na visanduku, ukaweka saa ya kuhesabu siku za kukamilisha kila hatua, na ukamtaka afisa afungue fomu za kila mtoto peke yake hata pale ndugu watano wanapolala chumba kimoja na kula sufuria moja. Maafisa wakalalamika kwamba siku zao zinaishia mbele ya skrini, na kwamba aliyefungua faili alikuta vipande vingi bila kupata habari yenye mwanzo na mwendelezo. Profesa Eileen Munro, aliyepewa na serikali kazi ya kuupitia utaratibu mzima, alieleza katika ripoti yake ya Mei 2011 jinsi kazi hiyo ilivyokuwa imejishughulisha mno na kutimiza taratibu kuliko kujua kama mtoto amesaidika, akapendekeza masharti yale ya muda yalegezwe ili afisa arudishiwe nafasi ya kutumia akili na uzoefu wake. Tuangalie hapo: ugonjwa ulikuwa kumbukumbu mbovu, dawa ikawa kumbukumbu nyingi.

Nilipoanza kutumia mfumo wa majaribio katika miaka yangu ya mwisho kazini, niliyaona hayo kwa macho yangu. Afisa kijana niliyekuwa nikimsimamia, mchapakazi asiye na doa, alikuwa na shauri la ndugu wawili waliotelekezwa, dada na kaka. Mfumo ulitaka fomu mbili zenye maswali yaleyale. Mtandao ulikuwa ukikatika kila mara, naye alikuwa na mashauri mengine mezani, kwa hiyo alijaza ya dada, akainakili, akaibandika kwa kaka. Mfumo ukaikubali na kuwasha alama ya kijani. Tulipofika Mahakama ya Watoto na ripoti ya uchunguzi wa kijamii iliyotokana na fomu hizo, hakimu alisoma kwamba mvulana wa miaka minne amevunja ungo. Alivua miwani, akatuuliza ni mtoto yupi tunayemwombea amri. Kijana aliona aibu, lakini mimi nililaumu chombo kilichompa alama ya kijani, kwa sababu daftari la kauntabuku, pamoja na ubovu wake wote, halijapata kumwambia mtu kwamba kazi imekamilika.

Liko jingine lisilohesabiwa katika taarifa ya robo mwaka. Karibu na kustaafu kwangu, dada mmoja wa miaka ishirini na kitu alikuja ofisini akitokea mkoa mwingine. Aliokotwa akiwa mchanga, akakulia katika makao ya watoto, na sasa yeye mwenyewe alikuwa na mimba. Alitaka kujua alipatikana wapi na katika hali gani. Majalada ya miaka ile mengi yalikuwa yameliwa na mchwa. Kwa bahati daftari la matukio lilikuwa limesalia, na humo afisa wa zamu, marehemu sasa, alikuwa ameandika mistari tisa: mwenyekiti wa kitongoji aliyemleta, mti aliokutwa chini yake, saa ya alfajiri, maziwa aliyopewa na mke wa mlinzi, na kanga aliyofungwa, nyekundu, yenye maneno “Mungu hamtupi mja wake”. Yule dada aliomba kalamu akayanakili maneno ya kanga nyuma ya tiketi yake ya basi. Hakuuliza lingine. Baada ya yeye kuondoka niliifungua fomu ya kupokelea mtoto katika mfumo wetu, nikatafuta mahali ambapo mistari ile tisa ingeandikwa. Palikuwa na swali la hali ya mtoto alipopokelewa, na majibu matatu ya kuchagua: nzuri, wastani, mbaya.

Juu ya usiri nitasema kwa kifupi, maana sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Lakini sheria haiingii ofisini yenyewe. Nimeshuhudia nywila moja ikitumiwa na watu wanne, wakiwemo vijana wa mafunzo kwa vitendo, na nimeona nywila ya afisa aliyehamishwa ikiendelea kufanya kazi miezi kadhaa baada ya kuondoka kwake. Zamani aliyetaka kupekua siri za mtoto aliyebakwa alilazimika kumpita karani wa masijala, na makarani wetu walikuwa wakali kweli.

Kwa wizara na kwa wataalamu wanaotengeneza mifumo hii nina maombi machache. Ukurasa wa kwanza wa faili uwe habari ya mtoto kwa maneno ya kawaida, kwa mpangilio wa tarehe, ili afisa aliyeamshwa usiku na polisi wa dawati la jinsia na watoto aisome kwa dakika tano na kujua aanzie wapi. Ndugu wa nyumba moja wafunguliwe faili la familia, na kila mmoja awe na sehemu yake ndani yake. Idadi za kupeleka juu zichotwe na mfumo wenyewe kutoka katika habari hiyo, bila kumfanya afisa aandike jambo moja mara tatu. Na kabla ya chochote kununuliwa, maafisa wa kata wanaopanda bodaboda kwenda kwa watoto wakae na waandaaji wa programu angalau wiki moja, kwa sababu wao ndio wanaojua mtandao unapopotelea.

Limebaki suala la muda. Kule England kumbukumbu za mtoto aliyelelewa chini ya halmashauri hutunzwa mpaka atimize miaka 75 tangu kuzaliwa. Kwetu mifumo mingi huja kwa fedha za miradi, na mradi huwa na mwisho. Nimeona kompyuta zikibaki mezani huku seva iliyokuwa na taarifa haijulikani iko mikononi mwa nani. Mtoto atakayeokotwa mwaka huu atakuja na swali lake baada ya miaka 20 au 30, pengine naye akiwa na tiketi ya basi mkononi. Ningependa wizara itueleze, kabla daftari la mwisho halijafungiwa stoo, wakati huo atalipeleka swali hilo kwa nani.

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Morogoro